Shajara ya taa za IST: msasa ni nusu ya kazi

Ijumaa, jioni

Gari ni Toyota IST ya 2003, namba D, rangi ya fedha. Ni la dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi na analitumia kwenda kazini Usa River na kurudi nyumbani Sakina. Zamu ya mchana ikiisha anaondoka saa tatu usiku, na kuanzia Tengeru mpaka anaingia mjini anapambana na giza. Taa za mbele zimefubaa, zimekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Juzi aliniambia, "Mdogo wangu, zile taa zinawaka ila hazionyeshi kitu. Bodaboda asiye na taa namwona akishanifikia."

Fundi umeme mmoja alimshauri aweke balbu za LED. Nimemwomba dada asifanye hivyo. IST hii inatumia balbu za H4, wati 60 kwenye fulu na wati 55 kwenye dimu, na nimezikagua, ni nzima. Ukiweka balbu kali nyuma ya plastiki iliyofubaa, mwanga unatawanyika kila upande badala ya kwenda mbele. Dereva anayekuja anapofuka macho, na wewe mwenyewe bado huoni. Ubovu uko kwenye kioo cha taa, na hapo ndipo pa kushughulika napo.

Si jambo la urembo. Shirika la wenye magari la Marekani, AAA, lilipima mwaka 2018 likakuta taa zilizofubaa kwa umri zinatoa kama asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya kwenye dimu. Weka hesabu hiyo pamoja na mwendo: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Kwenye barabara yetu ya Moshi usiku kuna baiskeli, mikokoteni, watu wanaotoka minadani na ng'ombe wanaovuka. Kumwona mtu sekunde moja mapema kunaweza kuwa ndiyo kupona kwake.

Ninaandika kila hatua kwa sababu nimeona taa nyingi hapa Arusha zikisuguliwa, zikang'aa, mwenye gari akafurahi, na msimu haujaisha zimerudi kuwa njano kuliko mwanzo. Kuna sababu, na nataka safari hii tuifikie.

Jumamosi, asubuhi: kupima kabla ya kugusa

Nimeanza na maji mengi na sabuni ya vyombo. Vumbi la mitaa yetu linatokana na udongo wa volkano wa Mlima Meru, lina chembe ngumu sana. Likibaki juu ya plastiki ukaanza kusugua, unaongeza mikwaruzo juu ya mikwaruzo. Hili liwafikie na vijana wa kuosha magari wanaofuta taa kwa tambara lililotoka kwenye rimu. Tambara la taa liwe la taa.

Baada ya kuosha nikafanya kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Nikamwaga maji safi juu ya kioo cha taa na kukitazama kikiwa bado kimelowa. Taa ya kushoto ilifunguka palepale. Nikaona riflekta yote (ile sahani ya ndani inayorudisha mwanga mbele), balbu, hata maandishi madogo yaliyochongwa ndani ya plastiki. Maji yalipokauka, ukungu ukarudi taratibu kuanzia juu kushuka chini. Hiyo ni habari njema. Maana yake ubovu uko kwenye ngozi ya nje, kwenye vishimo na mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga. Maji yanaijaza kwa muda na mwanga unapita. Kinachofichwa na maji, msasa unaweza kukiondoa.

Taa ya kulia nayo ilifunguka, ila si yote. Kona ya juu, karibu na fenda, ilibaki na wingu la njano hata ikiwa imelowa. Hapo jua limeingia zaidi ya ngozi, itabidi msasa uende chini zaidi. Nilielewa sababu nilipotazama linapoegeshwa: gari hulala na kushinda likitazama magharibi, na mparachichi wa jirani unafunika upande wa kushoto. Upande wa kulia unapigwa na jua la alasiri siku zote dada anapokuwa yuko likizo au zamu ya usiku.

Vitu vingine vilivyonifanya nichukue tochi: kama kuna unyevu au vumbi upande wa ndani, kusugua nje ni kupoteza nguvu, taa inabidi ifunguliwe na gundi yake izibwe upya. Kama riflekta imeungua na kumenyeka, kioo kiwe safi namna gani mwanga hautarudi. Na kama ukimulika tochi kwa ubavu unaona nyufa ndogondogo zinazometa ndani kabisa ya plastiki, msasa hautazifikia. Hizi za dada hazina hata kimoja kati ya hivyo. Nimepiga picha za taa zote mbili zikiwa kavu, kisha zikiwa zimelowa, na usiku nitapiga ya mwanga ukutani.

Inafaa kueleza plastiki hii inafikaje hapo, maana ndiyo inayoamua kazi yote. Taa za zamani zilikuwa na kioo cha kweli. Za sasa ni polikaboneti, plastiki iliyogunduliwa mwaka 1953 na watu wawili waliofanya kazi mbalimbali bila kushirikiana: Hermann Schnell wa Bayer kule Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric, Marekani. Ni nyepesi, inakubali umbo lolote, na jiwe linalorushwa na lori haliipasui kirahisi. Ina udhaifu wa aina mbili: uso wake unakwaruzika upesi, na miale ya jua ya urujuanimno inakatakata minyororo ya molekuli zake mpaka inageuka njano. Kwa sababu hiyo kiwanda huipaka ngozi ngumu angavu, nyembamba kuliko unywele, na ngozi hiyo ndiyo inayobeba kinga ya jua. Siku ngozi ikifa, plastiki inabaki uchi.

Sasa fikiria gari hili lilitengenezwa litembee Japani. Tokyo iko nyuzi 35 kaskazini mwa ikweta. Arusha iko nyuzi 3 tu kusini mwake, tena juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Jua letu linapita karibu na utosi mwaka mzima. Ubaridi wa Arusha unatudanganya. Mtu amevaa sweta saa nne asubuhi anadhani jua ni la upole, kumbe miale hiyo haina uhusiano na joto, na mingi yake inapenya hata mawingu.

Jumamosi, mchana: vifaa

Hapa sikukaa sana. Msasa wa maji namba 600, 800, 1000, 1500 na 2000 (namba ndogo ndiyo kali zaidi), kutoka duka la rangi za magari. Tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, kipande cha sponji ngumu cha kushikia msasa, ndoo mbili, chupa ya kupulizia maji, vitambaa laini vya maikrofaiba, na alkoholi ya isopropili kutoka duka la dawa kwa ajili ya kufuta mafuta. Kilia ya gari, yaani ile rangi angavu ya kufunika juu, pamoja na hadina yake, kimiminika cha kuikaza, nitainunua siku ya kupiga, maana ikishachanganywa haingoji.

Mwenye duka alikuwa na ushauri wa dawa ya meno. Dawa ya meno ina chembe laini za kusugulia, kwa hiyo ni kweli inang'arisha kidogo, lakini haifiki kwenye plastiki iliyokufa na haiachi kinga yoyote. Kibaya zaidi ni dawa ya kufukuza mbu, ambayo nimeona watu wakiipaka taa na kuwashangaza majirani. Ile yenye kemikali ya DEET inayeyusha uso wa plastiki. Uso ulioyeyuka unaonekana laini na angavu kwa muda, huku chini yake plastiki inadhoofika na baadaye inaota nyufa. Petroli na thina vivyo hivyo. Polikaboneti haipendi viyeyushi. Usiifute kwa petroli hata kama ni kuondoa lami.

Jumapili: msasa

Nimeanza mapema kabla jua halijapanda, kwenye kivuli. Kwanza tepu: mizunguko mitatu juu ya boneti, fenda na bampa, kila mzunguko ukipita juu ya mwingine, maana pembe ya sponji ikigusa rangi mara moja tu unakuwa umejitafutia kazi ya pili. Msasa umelala kwenye maji yenye tone la sabuni tangu niamke.

Taa ya kushoto nimeanza na namba 800, ya kulia na 600 kwa sababu ya ile kona. Kiganja chepesi, maji hayakomi, msasa ukivutwa kwa mlalo kutoka upande wa grili kwenda upande wa fenda. Kitu cha kutazama ni uji unaotoka. Mwanzoni unatoka wa njano, mzito, unanata kwenye vidole. Hiyo ni ngozi ya kiwanda pamoja na plastiki iliyoungua. Ukiendelea unaanza kupauka, na mwisho unatoka mweupe na mwepesi kama maji ya mchele. Usibadilishe msasa kabla hujaona weupe huo kwenye kioo chote, na pembeni hasa, maana mkono unapenda kusugua katikati.

Hatua hii ndiyo inayotisha. Ngozi ya kiwanda haiondoki yote kwa pamoja. Kuna wakati kioo kina mabaka, huku imetoka, huku imeshika, na mpaka wake unaonekana waziwazi kama kingo kwenye mwanga wa ubavu. Dada alitoka nje akaona hali hiyo akasimama kimya. "Mdogo wangu, una uhakika?" Nikamwambia, "Dada, nipe mpaka saa sita." Kingo hizo lazima ziishe zote. Ngozi kuukuu ikibaki hata kidogo, kilia mpya itakaa juu ya kitu kinachomenyeka, na itamenyeka nacho.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya utulivu. Suuza taa, mwaga maji ya ndoo, weka mapya. Chembe moja ya msasa wa 600 ikiingia kwenye zamu ya 1500 inachora mstari ambao hutauona mpaka umalize. Kila namba mpya nimeivuta kwa kukata mistari ya namba iliyotangulia: 800 kwa mlalo, 1000 kwa wima, 1500 kwa mlalo tena. Njia hii ina faida moja kubwa: mistari ya zamani inajionyesha. Ukiona mstari wa wima umebaki wakati unasugua kwa mlalo, bado hujamaliza. Nikifika kila hatua nimekausha kioo kabisa na kukitazama kwa ubavu. Kikiwa kimelowa kinakusifia bure.

Kwenye kona ya taa ya kulia nilirudi kwenye 600 zaidi ya mara moja, nikipanua eneo kila mara ili nisichimbe shimo. Ukisugua doa moja tu unatengeneza bonde, na bonde kwenye kioo cha taa linapinda mwanga. Mwisho njano ilitoka. Mpaka saa sita na nusu taa zote mbili zilikuwa nyeupe sawasawa, za maziwa, hazina baka. Mtu asiyejua angesema nimeziharibu. Nilizimwagia maji mbele ya dada, zikafunguka zote mbili, na ile kona pia. Akacheka, akaingia ndani kuleta chai.

Nimezifunika kwa kitambaa kizito na gari nimelisogeza chini ya mparachichi. Plastiki iliyosuguliwa haina kinga ya aina yoyote sasa. Kuiacha juani siku nzima ni kuanza kuiunguza upya. Dada kesho atapanda daladala.

Jumatatu: kompaundi au kilia

Fundi rangi ninayemwamini yuko Kijenge. Ana kompresa nzuri na bunduki ya kupulizia anayoisafisha kweli. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akainama kutazama taa, akapitisha kidole gumba.

"Msasa umekwenda vizuri, kijana. Sasa tupige kompaundi kwanza."

"Fundi, kwa heshima, naomba tusipige kompaundi. Twende moja kwa moja kwenye kilia."

Alishangaa. Kwake, na kwa gereji nyingi, kompaundi, ile krimu ya kung'arishia, ndiyo kazi yenyewe: unamaliza msasa, unapiga kompaundi na pedi ya sponji kwenye drili, taa inang'aa, mteja analipa. Kwa gari linaloishia hapo, sina neno na kompaundi. Namba 2000, ikifuatwa na 3000 ukiipata, kisha kompaundi kwa mzunguko mdogo wa drili. Sponji isisimame sehemu moja, maana polikaboneti huanza kulegea kwenye nyuzi joto 147, na msuguano unaweza kuunguza uso kabla hujanusa. Utapata kioo safi kabisa. Utakuwa pia na kioo kilichovuliwa ile ngozi ya kiwanda, kinachotoka kwenda kwenye jua la Arusha bila nguo. Hapo ndipo taa zinaporudi njano haraka kuliko zilivyokuwa. Nta inasaidia kwa wiki chache, basi ipakwe tena na tena, na wachache wana subira hiyo.

Kama unapiga kilia, kompaundi haihitajiki, na inaweza kudhuru. Kompaundi nyingi zina mafuta, na mafuta ndiyo adui wa kushika kwa kilia. Zaidi ya hapo, kilia inahitaji mikwaruzo midogo ili ipate pa kushikia. Mistari ya namba 1500 au 2000 inajazwa na kilia yenyewe na kupotea. Nilichukua chupa nikapulizia maji kwenye taa mbele yake. Kioo cheupe kikafunguka.

"Kilia itafanya kama haya maji, fundi. Tofauti ni kwamba yenyewe inabaki."

Akatazama, akapulizia tena mwenyewe, akasubiri kikauke, akapulizia tena. "Haya. Nimekuelewa. Lakini kupiga nipige mimi."

Nilifurahi apige yeye, na nilijifunza. Kwanza alimwaga maji sakafuni na ukutani ili vumbi lilale. Akafuta taa kwa alkoholi ya isopropili, kitambaa kimoja cha kulowesha, kingine cha kukausha, bila kugusa tena kwa mkono. Kilia aliyotumia ni ile ya magari yenye hadina, akachanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo na si kwa macho. Kilia ya kopo la kupulizia isiyo na hadina ni rahisi kupatikana, ila haidumu, nayo hugeuka njano na kumenyeka. Kwa kazi hii ningeiacha dukani.

Mkono wa kwanza aliupiga kwa mbali na mwepesi sana, ukungu tu, kioo hakikufunguka hata nusu. "Plastiki hii ukiilowesha mwanzoni, thina iliyomo inaila," alisema. "Iache ijenge ngozi kwanza." Akasubiri kama dakika kumi, akagusa tepu pembeni kwa kidole kuona kama inanata bila kuvuta uzi. Mkono wa pili ukaja umelowa vizuri, na hapo ndipo taa ilipofunguka. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya taa ya kulia nikaona weupe unaondoka nyuma ya upepo wa bunduki, kutoka bampa kwenda fenda, na riflekta inatokea. Mkono wa tatu ulikuwa wa kusawazisha. Tepu ilitolewa kilia ikiwa bado laini, kwa kuivuta ikijirudia yenyewe, ili kingo zisimenyeke.

Jambo moja nililosimamia kwa nguvu ni barakoa. Hadina ya kilia hizi ina kemikali za isosayaneti, na mvuke wake unaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chochote, wala barakoa ya hospitali. Nilikuja na barakoa mbili zenye vichujio vya mkaa, moja ya kwangu na moja nikamwachia. Kazi tuliifanya nje ya banda, upepo ukiwa nyuma yetu. Vijana wake walikuwa wamesimama karibu wakitazama. Niliwaomba wasogee mbali. Mafundi wetu wanapumua vitu hivi miaka mingi, na tunaowapa kazi tunaweza angalau kwenda na barakoa.

Gari limelala kwake usiku huu, chini ya paa.

Jumatano

Kilia imekauka kwa kugusa tangu siku ile ile, ila ndani inaendelea kukomaa kwa siku kadhaa. Dada ameambiwa asioshe gari wala kugusa taa wiki nzima. Jua sasa ni rafiki, linasaidia kukomaza. Kuna chembe mbili za vumbi zimenaswa kwenye taa ya kushoto, karibu na grili. Zinaonekana ukiinama, kwenye mwanga hazina athari. Tumeziacha.

Ijumaa, usiku: ukutani

Kusafisha kioo bila kupima mwelekeo ni kuhatarisha wengine. Taa iliyokuwa imefubaa inaweza kuwa ilielekezwa juu miaka yote bila mtu kugundua, na sasa ina nguvu ya kumchoma macho anayekuja.

Tumejaza upepo wa matairi kwa kipimo cha kwenye mlango, tumeliweka gari sehemu tambarare, mita 5 kutoka ukuta wa jirani, mtu mmoja amekaa kwenye usukani. Nimepima kimo cha katikati ya balbu kutoka ardhini, nikachora mstari wa chaki ukutani kwa kimo hicho, na mwingine sentimita 5 chini yake. Mwanga wa dimu unatakiwa ukate kwenye mstari wa chini, yaani ushuke asilimia 1. Upande wa kulia ulikuwa sawa. Wa kushoto ulikuwa juu ya mistari yote miwili. Skrubu ya kurekebishia iko nyuma ya taa, ukifungua boneti utaiona. Niliizungusha kidogo kidogo mpaka mstari ukakaa. Magari ya Japani yana nafuu moja kwetu: huko nako wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mwanga wa dimu tayari umekatwa kumlinda anayekuja upande wa kulia na kupanda kidogo kushoto, kwenye ukingo wa barabara ambako watu wanatembea.

Nimeilinganisha picha ya leo na ya Jumamosi ile, simu ile ile, mpangilio ule ule. Ya kwanza ina wingu la njano lisilo na umbo. Ya leo ina mstari unaoonekana, ukutani na kwenye majani chini. Katika kile kipimo cha AAA, taa zilizorudishwa kwa kusuguliwa zilifikia kama asilimia 70 ya mwanga wa taa mpya, kwa hiyo hatujidanganyi kwamba ni mpya. Lakini kutoka 22 kwenda huko ni gari lingine.

Juni, baada ya masika

Nimesubiri mvua ipite kabla ya kuandika tena, kwa sababu picha ya siku ya kwanza haithibitishi chochote. Kilia imeshika. Nimepitisha kucha kwenye kingo zote, hakuna palipoinuka. Kwenye taa ya kulia, chini, kuna alama ya jiwe, imetoboa kilia kiasi cha kichwa cha pini. Nimeisafisha na kuizibia kwa tone la kilia kwa kijiti ili maji yasipate njia ya kuingia chini. Rangi ya njano haijarudi, hata kwenye ile kona.

Asubuhi za sasa zina ukungu mzito, na dada akitoka zamu ya usiku ananiambia anaona alama za barabarani za Tengeru kabla hajazifikia, na watoto wa shule wanaotembea pembeni anawaona wakiwa mbali. Bado anaendesha taratibu, kama ilivyokuwa. Matunzo ni madogo: tambara la taa peke yake, maji kwanza kabla ya kufuta, nta ya gari kila baada ya miezi michache, na tumeanza kuliegesha gari likitazama mashariki, pua ikiwa ukutani.

Fundi wa Kijenge sasa anawauliza wateja wake swali moja zaidi: kompaundi tu, au na kilia? Bei si sawa na anawaeleza kwa nini. Barakoa niliyomwachia nimeiona ikining'inia kwenye msumari, vichujio vimeshabadilishwa.

Kazi inayofuata ni Noah ya shemeji. Nimeimulika tochi jana. Taa ya kushoto inafunguka kwa maji, nitaisugua. Ya kulia ina nyufa ndani ya plastiki, na nimemwambia asitumie hela kwenye msasa wala kilia kwa hiyo. Atafute nyingine nzima kwenye spea za mtumba, tuikague kwa maji na tochi kabla hajalipa, kisha tuipige kilia pamoja na mwenzake siku moja.